Akili Iliyowekwa Amana

Vitabu vya dini na vya falsafa vimeandika mengi juu ya maumivu, kwa kuwa maumivu huhesabiwa kuwa mtihani mkubwa wa mwanadamu, lakini vimeandika machache juu ya woga unaoyatangulia, na machache zaidi juu ya woga wa aina moja ambao karibu kila jamii inaujua, yaani ule unaompata mtu anapotakiwa kukaa katika kiti cha daktari wa meno, kufungua kinywa, na kumwachia mwingine aingize humo sindano na koleo. Woga huo huchukuliwa kuwa jambo dogo. Mtoto akiuonyesha hukemewa, na mtu mzima akiuonyesha huchekwa. Hata hivyo, tangu tiba ya kisasa ilipopata dawa zinazoweza kuutuliza pasipo kumlaza mgonjwa kabisa, limezuka swali ambalo daktari peke yake hawezi kulijibu: je, ni halali, na ni vyema, kwa mtu mwenye akili timamu kukubali akili yake ipunguzwe makali kwa muda, si kwa ajili ya kuokoa maisha yake, bali kwa sababu anaogopa?

Ili swali hilo lipimwe kwa haki, mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa hayana budi kutenganishwa. Ganzi ni dawa, kama vile lignokaini, inayochomwa kwenye ufizi ili neva za sehemu hiyo zisipeleke habari za maumivu kwenye ubongo. Mgonjwa hubaki na akili zake zote, na anachokosa ni hisia ya sehemu ndogo ya kinywa. Nusukaputi ni usingizi mzito wa dawa, ambao ndani yake mgonjwa hasikii wala hajibu, na mara nyingi huhitaji kusaidiwa hata kupumua. Utulizaji uko kati ya hayo mawili. Mgonjwa huvutishwa kwa pua gesi ya naitrasi oksaidi iliyochanganywa na oksijeni, au hupewa dawa za jamii ya benzodiazepini, kama diazepamu ya kumeza au midazolamu ya kuchomwa kwenye mshipa, ambazo huipa nguvu zaidi kemikali ya ubongo iitwayo GABA, ambayo kazi yake ya asili ni kupunguza kasi ya mawasiliano baina ya neva. Aliyetulizwa kwa kiasi kinachotakiwa huwa macho au anasinzia, huitika akiitwa, hufungua kinywa akiambiwa, na hupumua mwenyewe. Kilichoondoka ni ule wasiwasi. Benzodiazepini haziondoi maumivu, kwa hiyo ganzi lazima ichomwe pia, na daktari anayedhani kuwa mgonjwa aliyenyamaza ni mgonjwa asiyeumia amekosea tangu mwanzo. Midazolamu, zaidi ya hayo, huuzuia ubongo usihifadhi kumbukumbu ya kinachotendeka wakati dawa inafanya kazi, na tabia hiyo ndiyo inayozua sehemu ngumu kuliko zote ya suala hili.

Katika Malolo, kata ya wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, na katika vijiji vya wilaya jirani ya Nachingwea, swali hili laweza kuonekana kuwa la watu wa mbali, kwa kuwa zahanati ya kijiji katika mfumo wa afya wa Tanzania kwa kawaida haina kiti cha meno, na dawa za utulizaji pamoja na mtaalamu wa kuzisimamia ni mambo ya hospitali kubwa. Lakini woga wenyewe haukungoja dawa ufike. Mkulima wa korosho au wa ufuta ambaye jino lake limetoboka huanza kwa kuweka karafuu kwenye tundu, na hafanyi upuuzi, maana mafuta ya karafuu yana yujenoli, ambayo hata kliniki za meno huitumia. Kisha humeza vidonge vya dukani, husubiri mavuno yapite, na huahirisha tena, kwa sababu amewasikia waliomtangulia wakisimulia jinsi jino lilivyong'olewa huku wameshikwa mabega. Siku atakapofika kwa tabibu, shavu limevimba na usaha umejaa, na hapo ndipo maumbile yanapomfanyia ukatili wa pekee, kwa kuwa ganzi hufanya kazi kwa shida katika nyama iliyovimba, ambayo tindikali yake huizuia dawa kupenya ndani ya neva. Aliyechelewa kwa sababu ya woga huumia zaidi kuliko angeumia kama angewahi, naye hurudi kijijini na ushahidi kwamba woga wake ulikuwa wa kweli, na ushahidi huo humchelewesha mwingine. Kwa hiyo woga huu haukai moyoni mwa mtu mmoja tu, bali hupita kutoka kinywa hadi kinywa na kuzaa ugonjwa, na anayeuita udhaifu wa tabia hajautazama unavyofanya kazi.

Historia nayo inaonyesha kwamba mjadala wa kuondoa maumivu kwa dawa ulizaliwa mikononi mwa madaktari wa meno. Horace Wells wa Hartford, Marekani, ndiye aliyevuta naitrasi oksaidi mwezi Desemba 1844 na kumruhusu mwenzake amng'oe jino, kisha akashindwa kuuthibitisha ugunduzi wake mbele ya watu huko Boston mwaka uliofuata. Na William Morton, naye daktari wa meno, ndiye aliyeonyesha nguvu ya etha katika hospitali ya Boston tarehe 16 Oktoba 1846. James Young Simpson wa Edinburgh alipoanza kuwapa klorofomu wanawake waliokuwa wakijifungua mwaka 1847, alijibu hoja ya wale walioona kwamba uchungu wa uzazi uliotajwa katika kitabu cha Mwanzo ni hukumu isiyofaa kupunguzwa, na jibu lake lilitoka katika kitabu hichohicho, kwamba Mungu mwenyewe alimtia Adamu usingizi mzito kabla ya kuutwaa ubavu wake. Wanahistoria wa baadaye wameonyesha kwamba upinzani wa kidini wa wakati ule haukuwa mkubwa kama ulivyosimuliwa, jambo linalofaa kukumbukwa na wale wanaopenda kuona dini na tiba zikipigana kila mahali. Hata huku kusini, hospitali za kwanza kubwa zilijengwa na wamisionari. Leader Stirling, daktari mpasuaji Mwingereza aliyefika nchini mwaka 1935, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia mwaka 1975 hadi 1980, alifanya kazi miaka mingi katika hospitali ya misheni ya Mnero, Nachingwea, na upasuaji wa aina aliyoufanya haukuwezekana bila ya dawa za ganzi na za usingizi.

Kanisa Katoliki lililikabili swali lenyewe waziwazi tarehe 24 Februari 1957, Papa Pius XII alipowajibu wataalamu wa dawa za usingizi waliouliza kama Mkristo ana wajibu wa kuyakataa mambo yanayopunguza maumivu. Jibu lake, kwa muhtasari, lilikuwa kwamba hakuna wajibu wa jumla wa namna hiyo. Anayeyapokea mateso kwa hiari kwa ajili ya imani anafanya jambo lenye thamani, lakini anayeyaepuka kwa njia halali hatendi dhambi. Na kuhusu kupunguza au kuondoa fahamu, alitaka iwepo sababu yenye uzito, kwa kuwa akili ndiyo inayomwezesha mtu kutimiza wajibu wake mbele ya Mungu na ya wenzake. Injili ya Marko inasimulia kwamba Yesu alipofikishwa msalabani alipewa mvinyo uliotiwa manemane naye hakuupokea, na baadhi ya waumini wameligeuza tendo hilo kuwa kanuni ya kila mgonjwa. Usomaji huo una kasoro, kwa sababu msalaba ulikuwa tendo alilolichagua kwa kusudi fulani, na hakuna popote katika Injili ambapo aliwanyima wagonjwa waliomlilia nafuu ya maumivu yao ili wajifunze kuvumilia.

Wakazi wengi wa Lindi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwao mjadala una kina ambacho waandishi wa tiba hawakijui, na ambacho kinastahili kukaliwa kwa muda. Kisa kinachosimuliwa mara nyingi ni cha Urwa bin Zubeir, mwanachuoni wa Madina aliyeishi katika karne ya kwanza ya Hijria, ambaye mguu wake ulioza safarini alipokwenda Damasko kwa khalifa al-Walid, ikaonekana hapana budi ukatwe. Waganga walimpa kinywaji cha kumwondolea akili asihisi msumeno. Akakataa, akisema kwa maana kwamba hakupenda kunywa kitu kitakachomfanya asimjue Mola wake, akakatwa mguu huku akimdhukuru Mungu. Wahubiri hukitaja kisa hiki kuwa kielelezo cha subira, nao wana haki. Lakini msikilizaji makini atatambua jambo ambalo mara nyingi hupitwa: dawa ilitolewa kwanza. Waganga wa khalifa hawakumwambia Urwa avumilie. Walimletea nafuu, na kukataa kulitoka kwake. Wala haisimuliwi kwamba waliompa walikemewa kwa kumpa.

Mafaqihi waliofuata, yaani wataalamu wa sheria ya Kiislamu, hawakuifanya hali ya Urwa kuwa lazima kwa umma. Imamu al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaj kimefundishwa kwa karne nyingi katika mwambao wa Afrika Mashariki, aliona kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu kuondoa akili kwa dawa pale kiungo kilichooza kinapotakiwa kukatwa. Mwanachuoni wa madhehebu ya Malik, al-Qarafi, aliyefariki mwaka 1285, alikwenda mbali zaidi kwa kutofautisha kileo, ambacho hufunika akili na kuleta furaha na kujiona, na dawa ya kulaza, ambayo huondoa akili na hisia pasipo furaha hiyo, akasema kuwa sheria kali ya kileo haiingii katika dawa ya kulaza. Tofauti hii ina faida kubwa kwa msomaji wa leo ambaye husikia kwamba naitrasi oksaidi huitwa gesi ya kicheko na akadhani kwamba anaitwa kwenye ulevi. Kinachoangaliwa ni makusudio na kiasi, na gesi inayotolewa kwa mashine ambayo kwa kawaida imeundwa isiruhusu oksijeni kushuka chini ya asilimia 30, chini ya uangalizi wa mtu asiyemwacha mgonjwa, ili tiba ikamilike, haina makusudio ya mlevi. Hata hivyo haiwi haki kusema kwamba mlango uko wazi kabisa. Mafaqihi walizungumzia kiungo kilichooza, si wasiwasi wa kuziba jino, na anayetaka kupanua ruhusa yao kutoka kwenye dharura hadi kwenye haja lazima aonyeshe kuwa haja hiyo ni ya kweli: kwamba mgonjwa huyu, bila ya dawa hii, hataweza kutibiwa, au atatibiwa kwa mateso yanayoweza kuepukwa.

Kuna mahali ambapo elimu mbili zisizojuana zimefika kwenye alama moja. Katika vitabu vya Kishafi, usingizi hubatilisha udhu ila wa aliyekaa imara mahali pake, lakini kusinzia hakubatilishi, na alama iliyotajwa ya kusinzia ni kwamba mtu huyasikia maneno ya waliopo hata kama hayaelewi. Madaktari nao, walipotafuta mpaka baina ya utulizaji ulio salama na usingizi wa dawa unaohitaji ulinzi mkubwa zaidi, waliuweka palepale kwenye maneno: mgonjwa anayeitika anaposemeshwa yuko upande huu, na asiyeitika ameshavuka. Faqihi alitafuta kujua kama mtu bado anaweza kusimama mbele ya Mola wake, na daktari alitafuta kujua kama njia ya hewa itabaki wazi, lakini wote wawili waliona kwamba mtu angalipo maadamu sauti ya mwenzake inamfikia. Kutokana na hapo, baadhi ya masuala ya kawaida hupata majibu mepesi: aliyetulizwa akabaki anaitika hajawa katika hali ya aliyezimia, aliyepoteza fahamu atatawadha upya, idhini ya tiba lazima itolewe kabla ya dawa kuanza kufanya kazi, na ahadi, mauzo au talaka itakayotamkwa na aliyeondokewa na akili kwa dawa ya halali haimfungi, kama vile madaktari wanavyomkataza aliyepewa midazolamu kutia saini hati yoyote au kuendesha chombo mpaka muda wa kutosha, ambao mara nyingi huwa saa 24, upite.

Yote hayo yanathibitisha kwamba utulizaji unaweza kuwa halali, lakini hayajagusa pingamizi lenye nguvu kuliko yote, ambalo halitokani na kitabu bali na malezi. Mtu wa kusini hufundishwa kwamba kuvumilia ndiko kukomaa. Katika jando, mvulana wa Kimwera, wa Kimakonde au wa Kiyao alitakiwa asilie mbele ya ngariba, na Wamakonde walijulikana kwa kuchonga meno, kazi iliyofanywa kwa patasi na bila ya ganzi. Katika unyago, msichana naye alifunzwa kuwa mwili wake utapita katika uchungu na kwamba atausubiri. Mafunzo haya yalikuwa na uzito kiasi kwamba Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Kianglikana ya Masasi mwaka 1926, hakuyafuta bali aliyaundia jando la Kikristo. Mzee anayesema kuwa kijana aliyetoka jandoni hapaswi kudai dawa ya woga kwa ajili ya jino hasemi kwa ujinga. Anatetea namna nzima ya kumfanya mtu awe mtu.

Jibu linalomfaa mzee huyo ni kumkumbusha yale yaliyokuwamo jandoni zaidi ya kisu. Mvulana hakupelekwa kwa ngariba peke yake. Alikuwa na mlezi wa kumshika na kumuuguza, walikuwapo wenzake wa rika, zilikuwapo nyimbo zilizoizima sauti ya kilio ili asiyeweza kunyamaza asiaibike, na maumivu yenyewe yalikuwa na maana iliyojulikana na kila mtu na yalikuwa na mwisho wenye sherehe. Uchungu wa jandoni ulizungushiwa watu. Uchungu wa kiti cha meno hauna hata kimoja kati ya vitu hivyo: mgonjwa hafunzwi jambo lolote na jino bovu, hatoki na jina jipya, na rika lake haliko mlangoni. Kuitumia heshima ya jando ili kumwacha mtu peke yake na koleo ni kuchukua nusu ya mila, ile nusu inayomgharimu mgonjwa, na kuiacha ile iliyowagharimu wazee.

Hapa ndipo inapofaa kusemwa wazi kwamba subira ni ya anayeumia. Ni tendo lake, analoweza kumtolea Mungu kama alivyofanya Urwa, na thamani yake hutokana na kuwa ametoa kitu ambacho hakuna aliyekuwa na haki ya kukidai. Mtu wa pili akiidai, hasa mtu ambaye anayo dawa, au ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba dawa ipo, subira hugeuka kuwa kisingizio cha upungufu wake. Waswahili husema subira ni ufunguo wa faraja, na methali hiyo ni ya kweli kinywani mwa mgonjwa; kinywani mwa tabibu aliyeharakisha kung'oa kabla ya ganzi kushika ni dhuluma. Wizara, hospitali na mganga hawana subira ya kuwatolea watu wengine. Wana wajibu tu.

Lakini kuna fundisho jingine la kusini linalopaswa kusikilizwa na wale wanaoitetea dawa, na uzito wake hauko chini ya lile la jando. Mwaka 1905 Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji yaliyoaminiwa kuwa yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, na Wamwera wa nchi hii waliingia vitani pamoja na majirani zao; misheni ya Nyangao ilichomwa moto mwaka huohuo, na kisasi cha serikali ya kikoloni, kwa risasi na zaidi kwa njaa, kiliua watu wengi kupita kiasi. Wanahistoria wameonyesha kwamba maji yale yaliunganisha watu waliokuwa wametengana, na ushujaa wao hauhitaji kutetewa na mtu yeyote. Hata hivyo, dawa ile ilifanya kazi ambayo mwanafalsafa wa tiba hawezi kuipita bila ya kuiangalia: iliondoa woga na kuiacha hatari ilivyo. Woga ni mlinzi. Humwambia mtu arudi nyuma, ajikinge, apaze sauti. Anayeuondoa woga amemwondoa mlinzi mlangoni, na kama hakuweka mlinzi mwingine mahali pake, amemtia mwenzake hatarini pale alipokusudia kumfanyia wema.

Mgonjwa wa meno aliyetulizwa hawezi tena kujilinda sawasawa. Ulimi ukirudi nyuma, maji au kipande cha jino kikiteleza kooni, pumzi ikipungua kwa sababu dawa imezidi kipimo, yeye hatashtuka kama ambavyo angeshtuka, kwa kuwa kushtuka ndiko kulikoondolewa. Ndiyo maana utaratibu wa utulizaji unataka awepo mtu mwingine, mbali na yule anayeshika koleo, ambaye kazi yake ni kumtazama mgonjwa tu. Kiwepo kipimo cha kidoleni cha kuonyesha kiwango cha oksijeni katika damu. Iwepo oksijeni yenyewe na vifaa vya kumpumulisha mtu. Na, kwa wanaotumia benzodiazepini, iwepo flumazenili, dawa inayoitangua kazi ya dawa hizo. Vitu hivyo vikikosekana, swali la uhalali limeshajibiwa, na haliwi tena swali la kileo na dharura. Ni swali la amana. Katika mafundisho ya Uislamu na ya Ukristo, na katika utu ambao watu wa kusini walikuwa nao kabla ya yote mawili, aliyekabidhiwa kitu cha mwenzake hukilinda kuliko anavyolinda chake, na hakuna kitu ambacho mtu anaweza kumkabidhi mwenzake kilicho kikubwa kuliko uangalizi wa nafsi yake mwenyewe. Anayeichukua amana hiyo bila ya kuwa na uwezo wa kuilinda amekhini, hata kama mgonjwa ataamka salama.

Kwa mtazamo huo, utulizaji wa watoto unahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa mtoto hakuweka amana mwenyewe bali aliwekwa na mzazi, na kwa kuwa kuna kishawishi cha kumtuliza ili kazi iende haraka. Dawa inayotolewa ili daktari apumzike na kelele si tiba ya woga wa mtoto. Lakini wanaoishangaa dawa wasisahau kwamba mbadala wake, mara nyingi, ni watu wazima wanne kumkandamiza mtoto mikono, miguu na kichwa, jambo ambalo limezoeleka kiasi cha kutoonekana kuwa ni jambo la kimaadili hata kidogo. Anayeuliza kama dawa ni halali hana budi kuuliza pia kama mkandamizo ni halali, na pengine aanze na swali hilo la pili.

Je, Malolo ifanye nini, mahali ambapo mashine ya gesi haipo wala hakuna mtu wa pili wa kumwangalia mgonjwa? Kanuni ya amana inakataza kuigiza: midazolamu inayochomwa mahali pasipo na oksijeni ni maji mengine ya kuondoa woga na kuiacha hatari. Lakini kanuni ileile haimruhusu tabibu kukunja mikono, kwa sababu sehemu kubwa ya woga huletwa na vitu vinavyoweza kuondolewa bila ya kuigusa akili ya mgonjwa. Tanzania yenyewe ilitoa mfano ambao watu wake wengi hawaujui. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliijaribu njia ya kuziba meno kwa vyombo vya mkono tu, ambapo sehemu iliyooza na kulainika hukwanguliwa na tundu kujazwa kwa aina ya saruji inayoshikamana na jino, bila ya umeme, bila ya mashine ya kukereza, na mara nyingi bila ya sindano. Njia hiyo, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa dunia mwaka 1994, ilibuniwa kwa sababu ya uhaba wa vifaa, lakini ikagundulika kuwa imeondoa mlio na mtetemo, vitu viwili ambavyo wagonjwa huviogopa kuliko vyote, na leo hutumiwa hata katika nchi tajiri kwa watoto waoga. Kwa mgonjwa wa kijijini, kuziba jino lingali na tundu dogo, kungoja ganzi ishike na kuijaribu kabla ya kuanza, kumweleza kila hatua, na kukubaliana naye ishara ya mkono ambayo akiionyesha kazi itasimama na kusimama kweli, ni utulizaji usio na dawa, nao hauna gharama inayoweza kuwa kisingizio. Ishara ya mkono ina uzito wa pekee, kwa sababu inamrudishia mgonjwa sehemu ya ulinzi ambayo kinywa kilichojaa vyombo kimemnyang'anya.

Limebaki suala la kumbukumbu. Ikiwa mgonjwa aliyepewa midazolamu aliguna, akatokwa na machozi, kisha akaamka hakumbuki chochote na akashukuru, je, aliteseka? Wako wanaosema kwamba mateso yasiyokumbukwa ni kama hayakuwapo. Kauli hiyo ni ya hatari, na dini zote mbili zinaipinga kwa kuwa zinafundisha kwamba kilichotendeka kimetendeka mbele ya Mungu hata kama hakuna mwanadamu anayekikumbuka. Na hata kwa asiye na dini, aliyeguna alikuwa mtu yuleyule, wala hakuwa mgeni aliyekaa katika mwili wake kwa nusu saa. Kusahau ni rehema kwa mgonjwa, lakini hakumfutii daktari kosa. Na kwa kuwa mgonjwa hawezi kuwa shahidi wa yaliyompata, ushahidi unabaki kwa waliokuwapo. Kwa sababu hiyo, anayemtuliza mtu anadaiwa kuandika kipimo cha dawa na saa iliyotolewa, kumkabidhi kwa ndugu atakayemfikisha nyumbani badala ya kumpandisha bodaboda peke yake, na, akili ikisharejea sawasawa, kumweleza ni jino gani lililotolewa, ni kitu gani kilichokwenda tofauti na ilivyopangwa, na kama wakati wowote ilionekana kwamba anaumia.